Uovu Usiotaka Kukwisha: Tafakari juu ya Filamu ya "Omen IV"

Utangulizi

Katika darasa la homiletiki, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alihubiri mbele yetu juu ya siku za mwisho. Alihubiri kwa bidii, na mpangilio wa mahubiri yake ulikuwa mzuri. Katikati alitaja utabiri unaohusu kurejea kwa Wayahudi Sayuni na nyota yenye mkia kupasua anga, akasema umeandikwa katika Ufunuo wa Yohana. Baada ya mahubiri tulimwomba atuonyeshe sura na mstari. Alifungua Biblia, akageuza kurasa kwa muda mrefu, kisha akanyamaza.

Utabiri ule haumo katika Ufunuo wa Yohana, wala katika kitabu kingine chochote cha Biblia. Ni shairi lililotungwa kwa ajili ya filamu ya Kimarekani iitwayo *The Omen*, ya mwaka 1976, iliyoandikwa na David Seltzer na kuongozwa na Richard Donner. Katika filamu hiyo shairi linatamkwa na kasisi mmoja kana kwamba ni Neno la Mungu. Mwanafunzi wetu alikuwa amelisikia utotoni, katika kibanda cha video huko Mwanjelwa, Mbeya, mtafsiri akilisema kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Lilikaa moyoni mwake miaka yote hiyo, mpaka likapanda naye mimbarini.

Hatumtaji ndugu huyu ili kumwaibisha. Twamtaja kwa sababu alituamsha. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba filamu za kutisha ni upuuzi wa vijana, usiostahili wakati wa wanateolojia. Kumbe ziko watu waliofundishwa mambo ya Mpinga-Kristo na video kabla hawajafundishwa na kanisa. Katika makala haya, basi, tunakusudia kuitazama mojawapo ya filamu za ukoo huo, ambayo kisanaa ndiyo dhaifu kuliko nyingine, lakini kiteolojia ndiyo inayodhihirisha zaidi mafundisho yao. Nayo ni *Omen IV: The Awakening*, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni.

Asili ya filamu

*The Omen* ya mwaka 1976 yaeleza habari za balozi wa Marekani nchini Uingereza, anayechezwa na Gregory Peck. Mtoto wake anadaiwa kufa wakati wa kuzaliwa. Kasisi wa hospitali huko Roma anamshawishi apokee mtoto mwingine aliyezaliwa usiku huohuo, bila mkewe kujua. Mtoto huyo, Damien, anakuja kujulikana kuwa ndiye Mpinga-Kristo, mwenye alama ya 666 kichwani chini ya nywele. Hatuna budi kukiri kwamba filamu ile ina ustadi. Peck aliigiza huzuni ya baba kwa heshima kubwa, na muziki wa Jerry Goldsmith ulimpatia tuzo ya Oscar.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1978, nayo ya tatu, *The Final Conflict*, mwaka 1981. Katika sehemu ya tatu Damien amekuwa mtu mzima mwenye madaraka, na kama Herode anaamuru watoto wachanga wa kiume wauawe. Mwishowe anachomwa kisu na kufa, na Kristo anaonekana katika utukufu. Hadithi, kwa hiyo, ilikuwa imefika mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa ni kurudi kwake Bwana.

Lakini tarehe 20 Mei 1991 kituo cha televisheni cha Fox nchini Marekani kilionyesha sehemu ya nne. Kazi ya kuiongoza ilianzwa na Dominique Othenin-Girard, ikamaliziwa na Jorge Montesi. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni. ITV ilianza mwaka 1994. Hata hivyo filamu za namna hii zilitufikia kwa kanda za video, zikaonyeshwa katika vibanda vya Mbeya na Iringa kwa kiingilio kidogo, mara nyingi bila kujali umri wa mtazamaji. Leo vibanda vingi vimepungua, na simu ya mkononi imechukua nafasi yake. Kanda iliyotazamwa na watu arobaini kwenye mabenchi sasa yatazamwa na mtoto mmoja chini ya blanketi, na hakuna mzee wa kumwuliza ameona nini.

Hadithi yenyewe

Gene na Karen York ni mume na mke, wote wanasheria, wasio na mtoto. Wanakwenda katika nyumba ya watoto yatima inayotunzwa na watawa, wakapewa mtoto mchanga wa kike, wanamwita Delia. Mtoto anakua akiwa mkali na mwenye kutisha, na wanaomkaribia hupatwa na mabaya. Yaya wake, msichana anayeamini mawe ya fuwele na wabashiri, anagundua kwamba mtoto ana nguvu ya giza, naye anakufa. Mpelelezi aliyeajiriwa na Karen anauawa kwa tufe la chuma la kubomolea majengo. Wakati huohuo Gene anapanda katika siasa, na Karen, aliyedhaniwa kuwa tasa, anazaa mtoto wa kiume, Alexander.

Mwishoni siri inafunuliwa. Delia ni binti ya Damien. Ndani ya mwili wake alizaliwa akiwa amebeba kiinitete cha ndugu yake pacha, nacho kilipandikizwa na daktari katika tumbo la Karen. Alexander, basi, ndiye Mpinga-Kristo mpya, na 666 imeandikwa kiganjani mwake. Karen anashika bastola ili awaue watoto, anashindwa, anajiua mwenyewe. Filamu inafungwa kwa maziko yake, watoto wakiwa pamoja na baba, kama vile filamu ya kwanza ilivyofungwa kwa maziko, Damien akiwa ameshikwa mkono.

Kisanaa hakuna mengi ya kusifu. Vifo ni marudio ya vifo vya zamani, na muziki wa Goldsmith umeazimwa mahali ambapo woga haupatikani kwa njia nyingine. Televisheni ya wakati ule haikuruhusu damu nyingi, na hilo si kosa. Hofu ya kweli haihitaji damu. Kosa ni kwamba waongozaji hawakuweka kitu kingine mahali pa damu. Katika filamu ya kwanza tulimwonea huruma baba aliyepasuka kati ya upendo na hofu. Katika hii hatumjui mtu yeyote vya kutosha hata tumhurumie. Mtu pekee anayekaribia kuwa mtu ni Karen, naye filamu inamtendea vibaya, kama tutakavyoonyesha.

Mwisho uliofutwa

Twauliza swali la kwanza: ili sehemu ya nne iwepo, ni nini kililazimika kutendeka? Jibu ni kwamba mwisho wa sehemu ya tatu ulilazimika kufutwa. Kristo alikwisha kurudi, na bado siku iliyofuata kazi ya shetani inaendelea, kwa kuwa aliacha mbegu. Watengenezaji hawakukaa mezani kuikana imani ya kanisa. Walitaka tu kuuza hadithi moja zaidi. Lakini hadithi ya uovu haiwezi kuendelezwa bila kutangaza kwamba ushindi juu ya uovu haukuwa ushindi. Na mambo hayakuishia hapo: filamu ya kwanza ilitengenezwa upya mwaka 2006, ukaja mfululizo wa televisheni mwaka 2016, na mwaka 2024 ikatoka nyingine iitwayo *The First Omen*.

Ndugu zetu, tusiwacheke Wamarekani upesi. Je, mahubiri yetu wenyewe hayafanani na hayo? Tunamhubiri Kristo aliyesema msalabani kwamba imekwisha, kisha Jumatano jioni, katika kipindi cha maombezi, tunawaambia watu walewale kwamba bado kuna laana ya babu, na baada ya laana ya babu kuna agano la bibi, na baada ya hilo kuna madhabahu ya ukoo isiyovunjwa. Kila juma kuna sehemu mpya. Mkristo aliyebatizwa, aliyepata kipaimara, aliyeshiriki Meza ya Bwana kwa miaka ishirini, anaambiwa kwamba shauri lake halijakwisha. Huo ndio mfumo wa *Omen IV*: Kristo alikuja, lakini mbegu ilibaki.

Mbegu na nyoka wa tumboni

Swali la pili lahusu mbegu hiyo. Katika Ufunuo wa Yohana sura ya 13 Mnyama ni mamlaka inayotaka kuabudiwa, na alama yake huwekwa juu ya watu kwa ajili ya kununua na kuuza. Wafafanuzi wengi huona hapo dola la Kirumi na ibada ya Kaisari. Filamu imeiondoa alama sokoni na katika kiti cha enzi, ikaiweka katika mwili wa mtoto mchanga. Uovu si tena utii ambao mtu hutoa au hukataa. Umekuwa damu ambayo mtu huzaliwa nayo. Delia hakutenda dhambi ndipo akawa mwovu. Alizaliwa hivyo, hawezi kutubu, na hakuna mtu katika filamu nzima anayemhubiria toba.

Fundisho hili, likifika katika Nyanda za Juu Kusini, halidondoki juu ya mwamba. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951, alieleza jinsi Wanyakyusa walivyoamini kwamba mchawi ana nyoka, chatu, tumboni mwake, na kwamba nyoka huyo hurithiwa kutoka kwa mzazi. Wazee wa Rungwe hawakuhitaji kufundishwa na Marekani kwamba uovu hukaa tumboni na hupita kwa uzazi. Filamu ilipokuja iliwaambia vijana jambo ambalo bibi zao walilisema zamani, sasa likiwa na picha na namba kutoka Biblia. Ndiyo maana liliaminika upesi.

Watengenezaji filamu wa nchi yetu nao walitambua kwamba udongo huo una rutuba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza filamu ya video ya kutisha ya Kiswahili, akaiita *Nsyuka*, neno la Kinyakyusa lenye maana ya mzuka. Tutalirudia neno hilo mwishoni, maana lina jambo la kutufundisha.

Mtoto wa kulelewa

Twafika sasa mahali panapotuuma. Katika filamu ya kwanza na ya nne, shetani huingia nyumbani kwa njia ileile: mtoto asiye wa kuzaliwa humo anapokelewa na kulelewa. Tendo la huruma ndilo mlango wa maangamizi. Kwa mtazamaji wa mahali pengine huenda hilo likapita bila kudhuru. Kwetu sivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe, uliokuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine; Iringa na Mbeya zilifuata. Nyuma ya hesabu hiyo kuna watoto. Ni nyumba chache mno katika sharika zetu zisizo na mtoto wa marehemu kaka au marehemu dada.

Tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja mkoani Mbeya, baba mmoja, mkristo mwaminifu, alimchukua binti wa marehemu kaka yake, mwenye umri wa miaka tisa. Katika mwaka uleule ng'ombe wake alikufa, na mtoto wake mchanga akaugua mara kwa mara. Binti alikuwa mkimya, alikojoa kitandani, na usiku alipiga kelele. Mhubiri mmoja mgeni alipita katika nyumba ile, akasema ndani ya mtoto kuna mbegu. Mama wa nyumba alitujia akasema, "Baba Mchungaji, huyu mtoto si wa kawaida. Ni kama yule wa kwenye video." Tulimjibu kwamba tutaliombea jambo hilo. Tulikuwa na mkutano wa jimbo, kisha semina Iringa. Tuliporudi baada ya majuma matatu, binti alikuwa amepelekwa kwa bibi yake katika kijiji cha mbali, akiwa ameachishwa shule. Jina lake lilibaki katika daftari la mafundisho ya kipaimara, na mbele yake hakuna alama ya mahudhurio.

Mtoto aliyempoteza baba na mama hulia usiku. Hilo halihitaji ufunuo. Lakini nyumba ile ilikuwa imepewa hadithi ya kueleza kilio chake, na hadithi ile haikutoka kwetu. Sisi tulikuwa na hadithi nyingine, tena ya kweli, nasi tuliiacha katika mkoba.

Ndiyo maana tunasema filamu inamtendea Karen vibaya. Mama anayeshika silaha mbele ya mtoto akashindwa kuitumia ndiye mwanadamu pekee katika hadithi ile. Lakini filamu imepangwa ili mtazamaji ajute kwamba alishindwa. Tulipoitazama pamoja na vijana, baadhi yao walipiga kelele, "Maliza! Maliza!" Nasi tulijikuta tukitamani vivyo hivyo. Kwa dakika chache tulikuwa tumeshawishika kwamba kumwua mtoto ni haki. Katika nchi ambayo mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa wa Njombe waliuawa, katika matukio yaliyohusishwa na imani za kishirikina, tamaa hiyo si mchezo.

Luther na mtoto wa Dessau

Hapa Mlutheri asisimame kwa majivuno. Katika *Mazungumzo ya Mezani* imeandikwa kwamba Luther alimwona huko Dessau mtoto mwenye ulemavu, ambaye watu walidhani amewekwa na shetani mahali pa mtoto wa kweli, na kwamba aliwashauri watawala mtoto huyo azamishwe mtoni. Watawala walikataa. Baba yetu katika imani, basi, alisimama upande wa wale wanaopiga kelele "Maliza", na wakuu wa dunia wakawa na huruma kuliko mwalimu wa kanisa. Hatuwezi kulificha jambo hili, wala haifai kulitetea.

Lakini Luther yuleyule ametuachia silaha ya kulipinga kosa lake. Katika utaratibu wake wa Ubatizo wa mwaka 1523, alioufupisha mwaka 1526, pepo mchafu anaamriwa amtoke mtoto na kumpisha Roho Mtakatifu. Jambo hilo lafanywa kwa kila mtoto anayebatizwa, awe wa mkuu au wa maskini, wa kuzaliwa nyumbani au wa kuokotwa. Maana yake ni kwamba hakuna watoto wa aina mbili. Wote wamezaliwa chini ya utawala wa dhambi, na wote wanahamishwa kwa maji na Neno. Fundisho la dhambi ya asili, likieleweka vema, linamlinda mtoto anayeshukiwa: kama sote tumezaliwa na uovu uleule, basi hakuna mmoja wa kunyoshewa kidole kwamba ndiye mbegu.

Maandiko nayo yako wazi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa mithali iliyowatwisha watoto uovu wa baba zao. Wanafunzi walipomwuliza Yesu habari za kipofu wa tangu kuzaliwa, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alilikataa swali lenyewe (Yohana 9). Na Paulo, katika Warumi 8, anaeleza wokovu wetu kwa lugha ya kufanywa wana. Sisi sote katika nyumba ya Mungu ni watoto wa kulelewa. Anayefundisha kwamba mtoto wa kulelewa ni hatari anamfundisha Mkristo ajiogope mwenyewe.

Yatupasayo

Hatupendekezi kwamba filamu hizi zipigwe marufuku. Marufuku ya kanisa hayafiki chini ya blanketi. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kitabu cha Ufunuo kifundishwe katika sharika, sura kwa sura, mpaka mkristo wa kawaida aweze kusema, "Hilo halimo." Pili, katika mafundisho ya kipaimara vijana waulizwe wametazama nini, na mwalimu akubali kutazama nao mara moja, ili azungumze juu ya kitu anachokijua. Tatu, mchungaji akisikia kwamba mtoto ameshukiwa, aende siku hiyohiyo. Akae katika nyumba ile, asome Neno, awakumbushe Ubatizo wa mtoto kwa kulitaja jina lake, na kama kuna hatari amhusishe afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda. Mkutano wa jimbo unaweza kungoja.

Hitimisho

Tumesema kwamba tutalirudia neno la Kinyakyusa. *Nsyuka*, mzuka, na *abasyuka*, wafu wa ukoo, ni maneno yanayotokana na kitenzi chenye maana ya kufufuka. Wazee walipowaita wafu kwa jina hilo walikiri kwamba aliyekufa hajakwisha, naye aweza kurudi kudai. *Omen IV* inasema vivyo hivyo juu ya Damien: amekufa, lakini amerudi katika damu ya binti yake. Kanisa nalo linamhubiri aliyekufa akarudi. Tofauti ni kwamba yeye aliporudi hakudai mtoto wa mtu yeyote. Aliwaambia waliomkimbia kwamba amani iwe kwao, akawatuma kubatiza.

Binti tuliyemtaja ni mtu mzima sasa, kama yu hai. Mwaka jana tulipofungua daftari lile la kipaimara ili kulikabidhi, tuliliona jina lake, na ukurasa mwingine ulioandikwa tarehe ya Ubatizo wake kwa mkono wa mchungaji aliyetutangulia. Tarehe ile haijafutwa.